Waya wa Tatu

Betri ile iliporudi mezani kwangu mara ya tatu, sikuigusa. Niliitazama tu. Mwenye nayo, mpiga video wa harusi, aliilaza juu ya kioo cha meza kwa vidole viwili, taratibu, akaniambia, "Dada fundi, imefanya yale yale." Nikamjibu, "Najua." Sikuwa najua lolote. Ila siku hiyo nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata kubishana niliona kazi ya ziada.

Ilikuwa Jumanne asubuhi. Jumamosi yake alikuwa na harusi, na droni yake, ile kubwa aliyoundiwa, si hizi za dukani zenye betri yenye akili ndani yake, ilikuwa imebaki na betri moja ya kutegemewa. Ndiyo hiyo. Akasema atapita kesho, akashuka ngazi. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana angenigombeza ningepata pa kutolea hasira zangu.

Mimi meza yangu iko Kariakoo, ghorofa ya kwanza, kwenye jengo la zamani ambalo mwenye nyumba wake, mzee wa Kihindi, alizaliwa humo humo ghorofa ya juu na hajawahi kuhama. Anasali, anashuka, anasimama mlangoni kwangu. Namwambia, "Shikamoo mzee." Anasema, "Marahaba. Leo hakuna moto?" Kila siku ya Mungu. Zamani nilikuwa nacheka. Siku hizi namwonyesha ndoo ya mchanga iliyo chini ya meza, anatikisa kichwa, anaondoka. Juu yetu wanaishi wajukuu zake, simlaumu.

Kwa asiyezijua, betri za aina hii ni seli bapa, laini, zimepangwa moja juu ya nyingine na kuvalishwa ngozi ya plastiki. Ile ilikuwa na seli nne. Kila seli ikijaa inatakiwa isome volti nne nukta mbili, basi. Ikizidishiwa inavimba, na ikivimba sana inawaka. Kwa hiyo betri ina nyaya mbili nene za kutolea umeme, halafu ina kisoketi cheupe chenye nyaya tano nyembamba. Hizo nyembamba hazina kazi kubwa. Kazi yao ni kuiambia chaja hali ya kila seli, ili iliyotangulia ipunguzwe na iliyobaki nyuma ingojewe. Tunaita kubalansi. Na ukizitazama vizuri utaona kwamba zile za katikati kila moja imekaa baina ya seli mbili, inazisemea zote mbili.

Sasa tabu ya betri ile ilikuwa hivi. Ukiichaji, seli ya kwanza na ya nne zinapanda kwa adabu. Ya pili inazubaa. Ya tatu inakimbia mpaka inapita kiwango, chaja inapiga kelele na kujizima. Mara ya kwanza nilisema, seli ya tatu ndiyo yenye kimbelembele. Nikaikata, nikaweka nyingine. Betri ikatoka, ikarudi. Mara ya pili nikasema, basi ya pili ndiyo mgonjwa, inamvuta mwenzake. Nikaikata na hiyo. Ikatoka, ikarudi. Seli mbili nilizozitoa nikazitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya chumvi kule ukumbini nyuma, zife taratibu zisije zikaunguza mtu. Fundi mwenye akili timamu angejiuliza kitu hapo. Mimi nilikuwa na mambo yangu kichwani.

Mambo yenyewe ni haya. Jumapili mama mdogo alinipigia simu kutoka Kigamboni. Alikuwa anaondoka Alhamisi kwenda Hija. Miaka ameomba, miaka amengoja, na sasa kapata. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia kidogo kabla ya kupiga. Akasema, "Mwanangu, mwambie dada nataka radhi yake kabla sijaondoka. Nimeshazunguka kwa majirani wote, hata yule tuliyegombania naye ukuta. Bado yeye. Mwambie aje, au aniite nije. Siwezi kusimama kule na dada yangu nimemwacha hivi."

Nikamwambia, "Nitamfikishia."

Kusema kweli, kufikisha ndiyo ilikuwa kazi yangu tangu miaka sita nyuma, bibi yangu alipofariki. Bibi alikuwa anaishi kwa mama mdogo. Mama alikuwa amesafiri kwenda Tanga. Bibi kafariki alfajiri, na masheikh wakasema maiti haicheleweshwi, na mama mdogo akakubali azikwe baada ya adhuhuri. Mama alifika alasiri, begi mkononi, watu wanatoka makaburini na udongo kwenye viatu. Hakumwona mama yake. Uso wake hakuuona. Nakumbuka alikaa kwenye ngazi ya barazani kwa mdogo wake na begi hilo hajaliweka chini, akasema neno moja tu: "Hukunisubiri."

Tangu siku hiyo hawakusemezana. Hawakutukanana, la. Kwetu watu hawatukanani, wanatumana. "Mwambie dada hivi." "Mwambie huyo hivi." Na wa kutumwa nilikuwa mimi, maana ndugu zangu wote wa kiume walijifanya hawasikii. Nimevuka na pantoni kwenda Kigamboni mara ngapi nina maneno ya watu kifuani, Mungu ndiye anajua.

Basi hiyo Jumatatu jioni, mama anachambua mchele, nikakaa pembeni yake. Nilikuwa nimeyapanga. Nikafungua mdomo, nikamwona uso alivyoukunja niliposema tu "mama mdogo", na nikaogopa kama mtoto aliyevunja sahani. Nikasema, "Mama mdogo anaenda Hija Alhamisi. Anakusalimu sana."

Mama akaendelea kuchambua. Akatoa jiwe, akalitupa. Akasema, "Anaenda Hija, na mimi radhi hajaniomba. Miaka sita. Hija gani hiyo?"

Nikanyamaza. Jamani, nilinyamaza! Nikasimama nikasema naenda kuoga. Na usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi yake ndiyo Jumanne, na betri ndiyo hiyo, mara ya tatu.

Nikaichomeka kwenye chaja, nikavuta kigoda, nikaitazama kama mtu anavyomtazama mgeni asiyeondoka. Chini kule mtaani wauza nguo walikuwa wameanza kupiga spika zao. Joto lilikuwa la kukata na shoka, feni inazungusha hewa ile ile. Namba zikapanda. Ya kwanza, 4.12. Ya nne, 4.12. Ya pili, 3.98. Ya tatu, 4.26, chaja ikalia. Nikaizima, nikaiwasha tena. Safari hii ya pili ndiyo ikawa juu na ya tatu chini. Nikasema kwa sauti, "Hee! Mnabadilishana sasa?" Muuza simu wa meza ya pili akanigeukia kuona nasema na nani.

Seli mpya zote mbili. Nimezipima mwenyewe kabla ya kuziweka, mkono wangu huu. Haiwezekani seli mpya mbili zikarithi ugonjwa wa zile za zamani, tena mahali pale pale. Nikachukua karatasi ya risiti, nikaandika nyuma yake 3.98 na 4.26, nikazijumlisha bila sababu yoyote, kwa uchovu tu. Ikaja 8.24. Nikagawa kwa mbili. 4.12.

Nikaitazama karatasi. 4.12, sawasawa na ya kwanza na ya nne.

Kilichopungua huku ndicho kilichozidi kule, bila kubaki hata chembe. Nikachukua kisu, nikapasua ngozi ya plastiki niliyokuwa nimeivalisha mwenyewe wiki iliyopita, nikaweka ncha za mita ya volti moja kwa moja kwenye miguu ya seli, siyo kwenye kisoketi cheupe, siyo kwenye kioo cha chaja. Seli yenyewe. Ya pili, 4.12. Ya tatu, 4.12. Nikarudia mara tatu, maana nilikuwa sijiamini tena. Zilikuwa sawa. Zilikuwa sawa muda wote.

Nikaufuata waya wa tatu kwa kidole, ule unaokaa kati ya hizo mbili, kutoka kwenye seli mpaka kwenye kisoketi. Kwa juu ulikuwa mzima, mzuri, haujachubuka. Karibu na soketi nikaukunja kidogo, ukalegea kama uzi. Ndani ya ganda lake nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika, zimebaki mbili tatu zinagusana kwa kubahatisha. Kwa hiyo chaja ilipouliza hali ya seli ya pili, waya unajibu pungufu. Ikiuliza ya tatu, unajibu zaidi. Chaja nayo, masikini, inaamini, inampunguza asiyezidi na kumngoja asiyechelewa. Na mimi fundi wa miaka kumi na tano nikashika mkasi, nikakata waliokuwa hawana kosa.

Nilikwenda ukumbini kwenye ndoo ya chumvi. Nikazitoa zile seli mbili, nikazifuta kwa kanga, nikazipima. Ya kwanza kuikata ilikuwa imekwisha kabisa, sifuri. Ya pili ilikuwa na chembe, isiyofaa kwa lolote. Zilikuwa nzima nilipozitia humo. Nikakaa chini, kwenye sakafu ya ukumbi, na sitaki kujifanya: nililia. Mzee mwenye nyumba akatokea kwenye ngazi, akaniona na ndoo, akashtuka, "Moto?" Nikamwambia, "Hapana mzee. Hakuna moto." Akachungulia ndani ya ndoo, akapanda zake juu.

Sikuwa nalilia seli, hilo mtu yeyote ataelewa.

Maana siku ya tatu ya msiba wa bibi, miaka sita nyuma, mama mdogo alinishika mkono jikoni kwake, mikono yake ina unga, akaniambia maneno ambayo ninayakumbuka hivi hivi yalivyo: "Mwambie dada nimekosa. Ningemsubiri hata mpaka usiku. Niliogopa watu. Mwambie anisamehe, na kama hataki kunisamehe, mwambie aje anipige." Nikavuka na maneno hayo mpaka nyumbani. Nikamkuta mama kitandani, kageukia ukutani, hali, hanywi. Nikaogopa. Nikajisemea, nikimpa yote haya sasa hivi atafoka, atasema neno ambalo halifutiki. Nikasema, "Mama mdogo anakusalimu. Anakuombea subira."

Mama akasema, "Mwambie sitaki kumwona machoni mwangu mpaka aje aseme amekosa."

Nikavuka tena. Mama mdogo kanisubiri mlangoni, macho yote kwangu. Na mimi nikamwambia, "Mama kasema haina neno. Amepoa." Akashusha pumzi, akanikumbatia. Nilijiona nimefanya jambo la maana! Nilijiona mtu mwenye hekima, mimi.

Na ndivyo ilivyokwenda. Huku mtu anangoja kuombwa radhi ambayo imeshaombwa. Kule mtu anajua kasamehewa, lakini dada haji, hata Idi haji, hata mjukuu kazaliwa haji, na yeye anawaza, huyu dada mnafiki kiasi gani, kinywani kasamehe na moyoni hakusamehe. Kila mmoja alikuwa ananilalamikia mwenzake. Nami nikipunguza huku, naongeza kule, napuliza, natia sukari. Adabu, tunaiita. Nikiulizwa na mashoga zangu nasema, "Mama zangu hao ni mtihani." Kumbe mtihani ni mimi.

Nilifunga meza saa nane mchana. Sijawahi kufunga saa nane siku ya kazi. Kabla ya kufunga nilibadilisha ule waya, nikaulehemu, nikaichaji betri mpaka mwisho nikiwa nimesimama. Namba nne zikapanda pamoja na kutulia pamoja. Ingekuwa siku nyingine ningefurahi. Nikamwandikia mpiga video, "Njoo uchukue kwa muuza simu wa meza ya pili. Kosa lilikuwa langu, nitakueleza." Nikashuka.

Nyumbani mama alikuwa amemaliza kusali alasiri, bado yuko kwenye mkeka, tasbihi mkononi. Nikakaa mbele yake, siyo pembeni. Nikamwambia, "Mama, kuna maneno ya mama mdogo sikukufikishia."

"Ya jana?"

"Ya jana. Na ya miaka sita."

Nikayasema yote, neno kwa neno, hata lile la kupigwa. Sikupunguza. Halafu nikasema na yale niliyompelekea mama mdogo badala ya yale mama aliyonituma. Mama hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akasema, "Rudia pale jikoni." Nikarudia. Akasema, "Alikuwa na unga mikononi?" Nikasema ndiyo. Akafumba macho. Nilidhani atanipiga, na laiti angenipiga. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nilimpita pale soko la samaki, Feri, mwaka jana. Alikuwa ananunua vibua. Aliniita. Nikajifanya sisikii, kwa sababu nilijua hajaomba." Akaniangalia. "Nilijua, kwa sababu wewe uliniletea salamu tu."

Asubuhi ya Jumatano tulivuka. Kwenye pantoni mama alisimama mbele, mimi nyuma yake, hakunigeukia hata mara moja. Watu waliokuwa wanamjua walimsalimia, akaitikia vizuri tu. Alikuwa amevaa buibui yake ya Idi.

Kwa mama mdogo kulikuwa kumejaa wanawake wa kuagana, mikeka mpaka barazani, harufu ya maandazi na udi. Mama alipoingia mlangoni kelele zikakatika. Mama mdogo alikuwa amekaa chini katikati yao, miguu kainyoosha, amenenepa kidogo tangu nilipomwona mara ya mwisho, mikono ina hina ya safari. Akasema, "Dada." Akataka kuinuka. Mama akamwahi, akapiga magoti yeye, dada mkubwa, mbele za watu wote wale.

Akasema, "Mdogo wangu, mimi nilikuwa sijakusamehe. Usidanganyike. Nilikuwa sijakusamehe hata siku moja, maana sikujua kama umeomba. Nimejua jana. Nimekusamehe jana. Na wewe unisamehe nilivyokupita pale Feri."

Mama mdogo alitazama kutoka kwake mpaka kwangu nilipokuwa nimesimama na viatu vyangu mkononi. Niliona anavyoelewa. Ilimchukua muda, na kila kilichokuwa kinapita usoni mwake nilikiona. Halafu akamshika dada yake kichwa kwa mikono yote miwili, wakalia kilio ambacho nadhani kilikuwa cha bibi, kile ambacho hawakuwahi kukilia pamoja. Wanawake wakaanza kulia nao, wengine hata hawajui kisa. Nikabaki mlangoni. Hakuna aliyeniambia nikae.

Baadaye, maandazi yalipopitishwa, mama mdogo akaniita. Nikaenda, nikakaa chini mbele yake, mama yupo ubavuni kwake. Na kwa desturi, maana anayesafiri Hija anaomba kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo, aliyekosea na aliyekosewa, alinishika mkono akasema, "Mwanangu, kama kuna siku nilikukosea, nakuomba radhi."

Mimi ndiye niliyeombwa! Nikaanza, "Mama mdogo, haina ne..." Mama akanikatiza, "Acha hilo. Sema la moyoni mwako."

Nikasema, "Hujanikosea kitu. Mimi ndiye niliyewakosea. Niliwaogopa nyote wawili, nikaona bora niseme uongo kuliko mnikasirikie. Nimewachukulia miaka sita na siwezi kuirudisha. Naomba mnisamehe."

Mama alitazama pembeni. Mama mdogo hakuuachia mkono wangu, wala hakuubana. Alinitazama kwa macho mekundu, ya upole, ya mtu aliyechoka.

"Sijakusamehe bado," alisema. "Nikikusamehe, nitakwambia mwenyewe."